Kondoo wa Nadhiri

Mabatini, Mwanza
30 Juni 2024

Shemeji Gidion,

Habari za Kinesi? Agutu na watoto hawajambo? Sisi tunasukuma siku.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, na nikisema "haloo" tu, Seif anajua naongea na nani na kwa nini. Simu yake mwenyewe aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji mwezi wa tano, kwa sababu iliita ghafla akiwa anakunywa chai. Barua hii nampa kondakta wa basi la Musoma pale stendi ya Nyamhongolo. Jibu pia lipitie kwake.

Nakuandikia kwa kuwa wewe ulikuwa naye Kongo kwenye kulinda amani, na mimi nilikuwa hapa nikiomba dua. Alirudi na viungo vyake vyote, watu wakaja kunipa hongera, nikapika pilau. Sasa ni mwaka wa pili hajavuka geti. Hawezi kukaa penye watu. Wanafunzi wakipita kwa kundi anafunga pazia. Harusini haendi, msiba wa mjomba wake hakwenda. Na Ijumaa, shemeji, mtoto wa muadhini anaswali chumbani peke yake huku adhana inalia msikiti wa jirani. Kabla hajajifungia, daktari alimsikiliza vizuri, Mungu ambariki. Akasema hilo ni jeraha la vita kama majeraha mengine, akampa dawa, akasema apate cha kumshughulisha. Lakini kurudi kwake kuna foleni, na Seif foleni haiwezi.

Basi nimefanya lililo ndani ya uwezo wangu. Baada ya Idd, bei ziliposhuka, nilinunua kondoo dume. Nikasimama naye uani, nikamshika kichwani, nikaweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu: siku mume wangu atakapoingia msikitini akaswali Ijumaa pamoja na watu, nitamchinja kondoo huyu, na nyama yote wale maskini. Seif alikuwa ndani amelala, hajui. Sitaki ajue, maana akijua kuna mtu anamsubiri ndiyo atazidi kuzama. Nimemwambia kondoo ni wa biashara, amtazame wakati niko kibandani kwangu nashona.

Ombi langu ni moja. Mwandikie. Usimwambie kwamba nimekutuma. Mchokoze tu kama mlivyokuwa mkichokozana kambini. Nimesahau sauti ya kicheko chake.

Shemeji yako,
Raya


Kinesi, Rorya
9 Julai 2024

Afande Sajini Seif,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua lazima iwe na dhumuni. Hii haina. Mvua hakuna, mihogo imekauka, mguu wangu unauma upande uleule, na mama yangu Adoyo bado ananiita mtoto mbele ya wanangu.

Upepo umeniletea habari kwamba siku hizi unachunga kondoo. Nimecheka mpaka Agutu akatoka jikoni kuja kuona kama nimepaliwa. Sajini aliyekuwa akitukagua vifungo vya shati saa kumi na moja alfajiri! Mimi Mkristo nimesikia habari za wachungaji tangu Shule ya Jumapili, lakini sikutegemea kwamba mmoja wao atakuwa wewe. Je, kondoo anapiga saluti?

Nijibu. Usiponijibu nitakuja mwenyewe na mguu wangu huu, na unajua ninavyokula.

Koplo Gidion Ogada


Mabatini
4 Agosti 2024

Koplo,

Kicheko chako nimekisikia mpaka huku. Taarifa ni hii.

Kondoo yupo. Nimempa jina Doria, kwa sababu hakai mahali pamoja. Anazunguka ua akikagua ndoo, kamba ya nguo na sufuria za Raya. Mwanzoni sikumtaka. Raya alikuwa akimwachia majani asubuhi anapokwenda kibandani, na kabla ya saa nne yameisha. Anaanza kulia. Kondoo akilia, Gidion, analia kama mtu mzima anayedai haki yake. Nilivumilia wiki nzima. Siku moja nikafungua geti, nikamtoa kwa kamba, nikasimama nyuma yake. Ndivyo nilivyotoka nje. Sikuwa nimeamua kutoka, nilikuwa namfuata kondoo.

Tulipanda kwenye mawe nyuma ya nyumba, huku juu ambako majani yanaota kwenye nyufa. Tukiwa huko, chini barabarani bodaboda akalipua ekzosi. Nikaanguka kifudifudi kama tulivyofundishwa. Doria naye akaruka, nusura anitoe bega. Nilipoinua uso alikuwa anakula. Alishtuka kuliko mimi, kisha akarudi kwenye majani yake. Mimi nikishtuka Jumatatu naendelea kushtuka mpaka Alhamisi. Nilikaa pale kwenye jiwe nikamwangalia mnyama yule, nikaona aibu, halafu nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Tangu siku hiyo tunatoka kila siku. Naangalia masikio yake. Yakilegea, najua hakuna kitu. Yakisimama, nasimama, namwambia, "Tulia, tulia, hakuna kitu." Na nikimwambia yeye, na mimi nasikia. Tumefika hadi ufukweni, ziwa likampulizia upepo akapiga chafya. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo wakauliza anauzwa kiasi gani. Nikawajibu. Niliongea na watu sita, Koplo, wageni kabisa.

Namshukuru huyu mnyama. Sijui kama unaruhusiwa kumshukuru kondoo, lakini ndivyo ilivyo.

Jambo moja: Raya asijue. Natoka baada ya yeye kuondoka, narudi kabla hajarudi, nakaa kwenye kiti kilekile na pazia nalishusha. Sababu nitakueleza.

Seif


Mabatini
25 Agosti 2024

Koplo,

Juzi Ijumaa nimeswali msikitini. Si hapa Mabatini, hapa wangemwambia Raya kabla sijavaa viatu. Nilitembea na Doria mpaka Nyakato kwenye viwanda, ambako hakuna anayenijua. Kuna mama mmoja anaitwa Teodora anakaanga mihogo karibu na msikiti. Nilimwomba anishikie kondoo. Akaniuliza, "Kondoo wako anakusubiri kuswali?" Nikamwambia anajifunza. Niliingia nikakaa safu ya nyuma karibu na mlango. Watu walikuwa bega kwa bega, Gidion. Jasho lilinitoka mpaka kanzu ikanigandia, lakini nilikaa. Imamu alipotoa salamu, mzee wa kulia kwangu akanipa mkono, nikaupokea.

Nilipotoka nilimkuta Doria amekula mchicha wa mteja wa Teodora. Nilimlipa yule mteja kwa furaha.

Sasa sababu. Raya anadhani nilikuwa nimelala siku aliyomleta huyu kondoo. Mimi na kulala mchana wapi na wapi? Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia neno kwa neno. Siku nitakayoswali Ijumaa na watu, Doria anachinjwa. Siku ile haikunihusu, alikuwa kondoo tu. Leo nadaiwa, na anayelipa ni yeye. Aliyenitoa nyumbani ndiye afe kwa sababu nimetoka?

Habari za kifo cha Mayala nimemsimulia Doria wa kwanza. Wewe ulifika baadaye, hukuona. Nilimweleza Doria siku ile ya soko, jinsi tulivyotumwa vitunguu, Mayala akawa anaomba kupunguziwa bei huku anacheka, kisha watu wote wakaanza kukimbia kwa pamoja na mimi sikujua risasi inatoka wapi katika watu wote wale. Nilimweleza nilivyomshika. Raya hajawahi kusikia neno moja la haya. Doria alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anacheua.

Kwa hiyo nyumbani naendelea kuumwa. Raya akiingia, naumwa. Usiniambie kwamba si vizuri, najua. Nipe muda tu.

Seif


Mabatini
1 Septemba 2024

Shemeji Gidion,

Nashukuru ulimwandikia. Najua uliandika, niliona bahasha. Lakini sioni mabadiliko, na leo nakuandikia nikiwa nimechoka.

Kila nikirudi kutoka kibandani namkuta kwenye kiti kilekile, pazia limeshuka. Ijumaa ndiyo mbaya zaidi. Narudi mapema, najiambia pengine leo nitakuta kiti kitupu. Namkuta. Ananiangalia kwa huruma kama vile mgonjwa ni mimi. Tangu mwezi wa saba nafunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili yake. Wiki iliyopita nilianguka kibandani, Nasma wa duka la jirani akanimwagia maji. Kaka yangu anasema niende nikapumzike kwa mama Ujiji. Siendi. Namwacha na nani?

Kuna wakati nadhani nilikosea kwenye nadhiri yangu. Labda nilimwekea Mungu masharti, na Yeye hawekewi masharti. Hata kondoo mwenyewe ananishangaza. Namwachia majani kidogo, jioni namkuta ameshiba, kwato zina tope, na tope kwetu hakuna. Nimekuwa mtu wa kuona vitu.

Nimeamua. Mwisho wa mwezi huu nafunga kibanda. Nitakaa nyumbani naye asubuhi mpaka jioni, nimlishe, nimsomee, labda akiwa na mtu karibu atapata nguvu. Cherehani nitaileta ndani. Wateja nitawapoteza, lakini mume ni mmoja.

Niombee kwa namna ya kwenu. Dua hazigombani.

Raya


Kinesi
5 Septemba 2024

Shemeji Raya,

Usifunge kibanda. Na ule chakula. Nipe Jumapili mbili. Sina la kuongeza, na kukosa la kuongeza kunaniuma kuliko mguu.

Gidion


Kinesi
5 Septemba 2024

Seif,

Leo sikuiti Afande.

Nilikupa muda. Nilicheka pia, nakiri, habari ya mchicha nimeisimulia kanisani. Lakini sasa nimepata barua nyingine kutoka nyumba hiyohiyo, na kicheko kimeniishia. Sikutakiwa kukuambia ninayokuambia. Mkeo anafunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili yako tangu mwezi wa saba. Ameanguka kibandani akamwagiwa maji. Kila Ijumaa anarudi mbio akitegemea kukuta kiti kitupu, na wewe, uliyetoka kuswali saa mbili kabla, unakaa kwenye kiti hicho umjibu kwa uso wa mgonjwa. Anataka kufunga kibanda chake akae akulinde. Atamlinda nani? Mtu mzima anayekula mihogo Nyakato!

Wewe umemwogopea kondoo kisu. Mkeo nani amwogopee?

Najua unachokipenda kwa huyo mnyama. Mimi nilipotoka hospitali nililala zizini na ng'ombe wa mama yangu mwezi mzima kwa sababu pumzi zao zilinituliza, na mpaka leo sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wewe, sasa hivi. Kwa hiyo usidhani sielewi. Kama kuna njia ya kumbadilisha, ninayo madume mawili hapa, makubwa kuliko huyo wako. Chagua, nitampandisha basi mwenyewe na kumlipia kiti.

Lakini mwambie Raya. Usipomwambia kabla ya Jumapili ya tarehe kumi na tano, namwandikia mimi, na urafiki wetu utaamua wenyewe uende wapi.

Gidion


Mabatini
16 Septemba 2024

Gidion,

Nimemwambia. Ilikuwa Jumamosi jioni, anachambua maharage. Nilianza na nadhiri, kwamba niliisikia. Kisha mawe, ufukwe, Nyakato, Teodora. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu: "Na Ijumaa ile niliyorudi nikakukandakanda miguu, uliswali?" Nikasema niliswali.

Akaweka ungo chini. Akatoka uani, akamkumbatia Doria shingoni, akalia kwa sauti kama msibani. Mimi nimesimama mlangoni sijui mikono niiweke wapi. Kisha akainuka akanitukana kwa Kiha cha bibi yake, matusi ambayo kwa miaka kumi na nne ya ndoa sikujua kwamba anayajua. Halafu akasema, "Kumbe tope lilikuwa tope kweli!" Akaanza kucheka, na mimi nikacheka. Doria alitukimbia wote wawili.

Tulikaa tukaongea. Nilimweleza habari za Mayala. Nilidhani nitashindwa, lakini nilikwisha kuzisimulia mara nyingi kwa kondoo, maneno yalikuwa yameshapata njia. Raya hakucheua. Alinishika tu.

Jumapili tulikwenda kwa Sheikh Bashiru, mimi na yeye, kwa miguu, barabara kuu. Watu walitoka madukani kutuangalia. Sheikh alitusikiliza sana. Akasema Raya hana kosa kwa kuchelewa kwa sababu hakujua. Kwangu mimi alisema maneno ambayo nitayaweka kwangu. Nikamwuliza habari ya dume lako, kama laweza kusimama badala yake. Akasema hapana. Mtu akimshika mnyama kichwani akasema "huyu," basi ni huyu, si wetu tena, tumewekewa tu. Raya akamwuliza mara ya pili, na mara ya tatu. Sikutegemea. Alikuwa anamtetea kondoo kuliko mimi.

Nilirudi na hasira, sikufichi. Nilikwenda kwenye mawe na Doria nikakaa naye mpaka magharibi. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa mwezi wa sita. Ni rahisi kushukuru kwa kutoa kitu kilichobaki, na mimi nimeambiwa nishukuru kwa kutoa kile ninachokitaka. Raya alipoweka nadhiri alikuwa hana njia nyingine duniani. Ahadi yake ilijibiwa. Siwezi kupokea jibu halafu nikaficha ahadi.

Ni Jumamosi hii. Sitaki ashikwe na mgeni. Sheikh atachinja, lakini atakayemlaza ni mimi, na atakayemwambia atulie ni mimi.

Asante kwa kunikasirikia. Hakuna mwingine aliyethubutu.

Seif


Mabatini
6 Oktoba 2024

Shemeji Gidion,

Nilitaka kukuandikia mapema, lakini nilitaka pia niwe na habari yenye mwisho.

Jumamosi ile ilipita. Seif alimwogesha Doria asubuhi, akamlisha mchicha, mwingi, wa kununua. Alimlaza mwenyewe. Aliinama sikioni mwake akawa anamwambia maneno, na mnyama yule hakupiga hata teke. Mimi niligeuka ukutani. Nilipogeuka tena, Seif alikuwa amepiga magoti, mkono uko palepale shingoni, na kanzu ina damu, na hakukimbia. Sheikh alimwacha hivyo kwa muda mrefu.

Halafu wakaja watu. Nilikuwa nimesahau kwamba nyama ya maskini lazima ifuatwe na maskini. Ua wetu ulijaa, shemeji. Wajane, vibarua, wale akina mama wanaoponda kokoto, watoto na mabakuli. Nikamwangalia mume wangu nikamwambia aingie ndani, nitagawa mimi na Nasma. Akakataa. Alisimama nyuma ya meza akagawa fungu moja moja, na kila aliyekuja alimwuliza jina lake. Kuna mama aliniambia mimi kwamba anaitwa Teodora, ametoka Nyakato, amesikia habari. Hakuja kuchukua nyama. Alikuja kumuaga kondoo, akamletea Seif mihogo. Sisi wenyewe hatukuonja hata mchuzi, ndiyo sheria ya nadhiri, tukala ile mihogo.

Usiku ule alilia na mimi nililia. Asubuhi alifagia ua, akafika pale alipokuwa amefungwa, akapafagia pia.

Sasa nikuambie lililokuwa linaniogopesha. Nilijiuliza, je, aliyepona ni Seif, au alikuwa amepona kondoo na Seif alikuwa ameshika kamba tu? Ijumaa ya kwanza alivaa kanzu, akaenda mpaka getini, akasimama. Mimi nilikuwa jikoni najifanya napeta mchele. Alisimama mpaka watu wakaanza kurudi kutoka msikitini. Akaingia, akavua kanzu, akaitundika. Nilijiona nimemuua mnyama na nimemrudisha mume wangu kwenye kiti. Wiki ile ilikuwa ndefu, shemeji, ningekuandikia wakati ule ungepata karatasi yenye maji.

Juzi, Ijumaa ya pili, akavaa tena. Akafika getini. Akasimama. Nikasema moyoni, ndiyo haya. Kisha nikasikia anaita, "Raya."

Nikatoka na mikono ina unga. Hakugeuka. Akasema, "Siwezi peke yangu. Nisindikize."

Miaka yote hii, shemeji, hajawahi kuniomba kitu. Alinificha ugonjwa wake, akanificha na uzima wake. Nilijifuta mikono kwenye khanga, nikamshika mkono, tukatoka. Unawajua watu wa Mabatini. Mwanamume mzima, sajini mstaafu, anapelekwa msikitini na mkewe mchana kweupe ameshikwa mkono kama anapelekwa chekechea! Fundi baiskeli aliacha kupiga nyundo. Mkono wa Seif ulikuwa umelowa jasho, lakini hakuutoa kwangu. Alimsalimia fundi. Alimsalimia muuza maji. Sauti ilikuwa nyembamba, ila ilitoka.

Tulipofika mlangoni pa msikiti akavua viatu. Akaangalia lile rundo la viatu vya watu, akaona pamejaa, akanipa vyake nimshikie. Akaingia.

Nilibaki nje. Ningeweza kwenda kukaa kivulini kwa muuza juisi, lakini sikwenda. Nilisimama palepale juani, viatu vya mume wangu mkononi, nikasikia hotuba yote, nikasikia wanainuka, wanainama, wanasujudu. Nimemshukuru Mungu kwa mambo mengi katika maisha yangu. Nimeshukuru kwa ndoa, na siku aliporudi kutoka Kongo. Lakini sijawahi kushukuru kama nilivyoshukuru pale mlangoni. Nilimshukuru Doria kwa jina lake. Nilikushukuru wewe, Gidion, mpaka mguu wako. Watu wakapita wakinitazama, nami machozi yananitoka na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Wakatoa salamu. Wanaume wakaanza kutoka, wengi, wanasukumana wakitafuta viatu, na nikamwona Seif katikati yao, katikati kabisa, anasukumwa na yeye anasukuma. Alipofika akanitazama, akatazama jua, akasema, "Ulikuwa umesimama hapa muda wote?"

Nikamwambia, "Ningekwenda wapi?"

Akakaa chini kwenye ngazi avae viatu, na watu wakawa wanapita pembeni yake kulia na kushoto.

Shemeji yako,
Raya